Makosa Sita ya Mhandisi

Mume wa Nesi hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi wa mabasi, tena fundi mzuri, mtu wa kusikiliza injini kwa sikio moja na kukuambia ugonjwa wake kabla hujafungua boneti. Lakini tangu siku walipopata kiwanja aliamini kwamba anayeweza kurudisha basi barabarani hawezi kushindwa na nyumba. Hakuita mwashi, hakuita fundi umeme. Mchora ramani alimwita mara moja tu, wakagombana kuhusu mahali pa kuweka choo, na wakaachana hapo hapo. Majirani walimwita Mhandisi kwa utani. Yeye alilipokea jina hilo bila utani wowote.

Kwa miaka ishirini na mbili nyumba ile haikuwahi kuisha. Akimaliza hiki anaanza kile. Aliongeza chumba kimoja juu, ndipo akakumbuka kwamba chumba cha juu kinahitaji ngazi. Mama yake alipozeeka na kuja kuishi nao, alimjengea chumba nyuma ya jiko, kikaegemea ukuta wa mpaka. Wezi walipoingia nyumba ya tatu kutoka kwao, alichomelea grili za nondo nene kwenye kila dirisha, akasema kuanzia leo hata panya ataomba ruhusa ya kuingia. Nesi alimwambia mara nyingi, "Baba watoto, tafuta kibali kwanza." Jibu lilikuwa lile lile: "Kibali cha nini, na mimi niko kwangu?"

Halafu siku moja moyo wake ulisimama akiwa kazini. Watoto walikuwa wameshakuwa watu wazima, kila mmoja kwake. Nyumba ikabaki na wanawake wawili, mjane wake na mama yake.

Nesi alistaafu mwaka wa pili baada ya msiba. Alikuwa amefanya kazi kliniki ya watoto miaka thelathini na moja, na wiki ya kwanza ya kukaa nyumbani alijiona kama kiti kilichosahauliwa barazani. Akaamua afungue kituo cha kulelea watoto wadogo kwenye vyumba viwili vya mbele. Kina mama saba wa mtaa ule walikubali hata kabla hajapaka rangi. Kilichobaki kilikuwa leseni, na leseni haitoki mpaka mkaguzi wa majengo apite.

Mkaguzi alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya kazi, mkanda wa kupimia kiunoni, tochi mkononi na faili kwapani. Alisalimia vizuri, akaanza kupima. Mama mkwe wa Nesi alimfuata nyuma na bakora yake kila alikokwenda, akimweleza kazi za mwanawe.

"Ngazi hii aliijenga kwa siku tatu," alisema.

Mkaguzi alipanda hatua mbili, ya kwanza fupi, ya pili ndefu. "Inaonekana," akasema.

Mama mkwe alilichukua neno hilo kama sifa. Nesi, aliyekuwa nyuma yao, alitamani ardhi ipasuke.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Ilikuwa ukurasa mmoja, na ilikuwa na makosa sita, kila kosa na namba yake ya kanuni. Namba ya nyumba haionekani kutoka barabarani. Uani kuna vyuma chakavu na vifusi. Tangi la maji halina mfuniko. Ngazi haina mkono wa kushikia. Chumba cha nyongeza kimejengwa bila kibali na kiko ndani ya eneo la mpaka. Njia za kutokea hazitoshelezi. Mwisho iliandikwa kwamba mmiliki anapewa siku thelathini "kurekebisha kasoro zilizotajwa hapo juu", na kwamba akishindwa hatua zitachukuliwa. Hatua zipi, haikusema.

Nesi alisoma barua ile mara nne. Makosa yote yalikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa kaburini.

"Wanasemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Wanataka tusafishe uani, Mama."

Hakumwambia habari za chumba, na lile la njia za kutokea alilihesabu kuwa sehemu ya hilo hilo. Neno "bila kibali" ndilo lililomtisha. Alijua mtaa wa pili kuna nyumba iliyovunjwa kwa maneno hayo hayo. Alijiuliza atamwambiaje mama wa miaka themanini kwamba chumba alichojengewa na marehemu mwanawe kinakuja kuangushwa na greda. Akakikunja kile kipengele kichwani mwake, akakiweka pembeni, akaanza na vile anavyoviweza.

Namba ya nyumba aliiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, kubwa kiasi kwamba jirani alimuuliza kama anasubiri ndege itue. Mfuniko wa tangi aliagiza, ukaja mdogo, akaurudisha, ukaja mkubwa, akaukubali. Uani ndiko kulikokuwa na vita. Mhandisi alikuwa hatupi kitu. Kulikuwa na milango minne ya mabasi, pipa lililojaa boliti, vigae vilivyobaki bafuni, na bomba ambalo hakuna aliyejua lilitoka wapi. Mama mkwe aliketi kwenye kiti katikati ya lundo.

"Hiki alikuwa anakiweka kwa kazi maalumu," alisema kila Nesi alipoinua kitu.

"Kazi gani, Mama?"

"Angetuambia siku ikifika."

Ilichukua siku sita. Mkono wa ngazi aliufunga mwenyewe Jumapili moja kwa bomba lile lile lisilojulikana lilikotoka, kwa sababu mafundi wawili walimwahidi kuja na hawakuja. Alipokaza skrubu ya mwisho alisimama chini ya ngazi akajipongeza. Makosa manne kati ya sita. Alipiga hesabu: asilimia sitini na sita na ushee. Ni mtihani gani mtu anafeli kwa alama hizo?

Mkaguzi alirudi siku ya thelathini na moja. Alitazama namba, akaandika. Alitazama tangi, akaandika. Alitazama uani, akasema, "Kumependeza," akaandika. Kwenye ngazi alitoa mkanda wake, akapima, akapima tena.

"Umepungua vidole vinne," alisema. "Nani aliufunga?"

"Mimi," Nesi alisema, na masikio yakamwaka.

Kisha mkaguzi aliingia chumba cha mama mkwe, akasimama muda mrefu mbele ya dirisha. Alishika grili, akaitikisa. Haikutikisika. Alitoka, akatoa kwenye faili karatasi nyekundu ya kubandika, akaibandika mlangoni. Iliandikwa: MARUFUKU KULALA HUMU. Kwenye fomu yake akaandika neno moja, "Hajatimiza", akamwomba Nesi atie sahihi.

"Hajatimiza?" Nesi alisema. "Dada yangu, mimi nimefanya manne. Mgongo huu haunyooki kwa ajili ya hayo manne."

"Nimeona, na hongera. Lakini haya mawili ndiyo yaliyonileta."

"Kwa nini hukusema?"

"Barua imesema yote." Mkaguzi alitazama saa. Kulikuwa na nyumba nyingine nane kwenye orodha yake. "Njoo ofisini watakueleza."

Usiku huo mama mkwe alihamia kitanda cha Nesi. Alikoroma, alivuta shuka, na kila alipoamka alifufua swali lile lile. Chumba chake kimekosa nini? Nesi alimjibu kwamba ni mambo ya karatasi tu. Asubuhi mama mkwe alirudi chumbani kwake, akaketi kitandani mchana kutwa. Karatasi imekataza kulala, alisema, haijakataza kukaa.

Nesi alienda ofisi za jiji Jumatatu. Dirisha la tatu walimwambia aende la saba. Dirisha la saba karani aliandika namba ya kiwanja kwenye kompyuta, akaingoja, akasema mtandao uko chini. Jumatano mtandao ulikuwa juu lakini faili lilikuwa kwa mkaguzi, na mkaguzi yuko nje kazini. Ijumaa mkaguzi yuko mkutanoni. Jumatatu ya pili dirisha la saba walimrudisha la tatu, na la tatu karani akamtazama kama mtu asiyewahi kumwona, akamuuliza, "Nikusaidie nini, mama?"

Miaka thelathini na moja Nesi alikuwa upande wa pili wa dirisha kama lile. Alijua jinsi mtu anavyosema "njoo kesho" ili tu foleni ipungue. Alikuwa amewahi kuisema mwenyewe. Kuijua hila hakukumpunguzia hasira, kulimwongezea.

"Hunisaidii kitu," alisema taratibu. "Niambie tu mkaguzi anakula wapi."

Karani alicheka kwa mshtuko. Labda hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akamwelekeza kwa kidole ngazi za nyuma.

Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kidato cha tatu, bakuli la chakula magotini, viatu vya kazi amevivua. Alipomwona Nesi alifunga macho kidogo, kama mtu anayeomba subira.

"Nakula," alisema.

"Kula. Mimi nitaongea." Nesi akaketi kidato cha chini yake, akatoa barua. "Nisomee hii kama unamsomea mama yako. Nimekosa sita, nimerekebisha manne, na nimerudishwa nyuma kuliko nilipoanza. Nieleze hesabu hiyo."

Mkaguzi alitafuna, akameza, akaweka bakuli pembeni. "Tatizo ni kwamba umeyahesabu," alisema. "Makosa hayafanani. Kuna makosa ya usafi na mwonekano: taka, namba, mfuniko. Hayo nikikuta umechelewa nitakuongeza siku, hakuna atakayekufa. Kuna makosa ya karatasi, umejenga bila kibali. Hayo yanatafutiwa karatasi hata baada ya kujenga, ramani ikichorwa na jengo likionekana imara. Kuna ya mpaka, umesogea mno kwa jirani. Hayo yana kamati yake. Halafu kuna ya uhai. Mtu yuko ndani, moto uko jikoni, na dirisha halifunguki. Hayo hayana siku thelathini. Hayana hata siku moja."

Nesi alikumbuka kazi yake. Kliniki, mtoto wa upele na mtoto wa degedege wakifika pamoja, hakuwahi hata mara moja kuuliza nani aliwahi foleni. Angemfukuza kazi nesi yeyote ambaye angeanza na upele. Na yeye alikuwa ameanza na upele, mmoja baada ya mwingine, akajipa alama.

"Kwa hiyo chumba hakivunjwi?" aliuliza.

"Nani kasema kinavunjwa? Kile chumba kina makosa matatu, wewe umeyasoma kama moja. Kwanza, hakina kibali; kibali tutakitafuta. Pili, kimegusa mpaka; kamati itasema. Mara nyingi wanakubali ukuta ukiwa hauna tundu upande wa jirani, na wako hauna. Tatu, mlango wake pekee unapitia jikoni na dirisha lake limechomelewa. Hilo ndilo lililonifanya nibandike karatasi. Kibali kinaombwa. Mpaka unazungumzika. Moto hauzungumziki."

Wiki saba Nesi alikuwa amelala na greda kichwani. Alichokihisi sasa hakikuwa unafuu. Ilikuwa hasira. "Na kwa nini barua haisemi hivyo? Kwa nini kosa la kuua mtu liko la sita, na namba ya nyumba ndiyo ya kwanza?"

"Kompyuta inayapanga kwa namba za kanuni. Namba ya nyumba ni kanuni ya kumi na moja. Njia ya kutokea ni ya tisini na kitu." Mkaguzi alichukua tena bakuli lake. "Nimelisema mkutanoni. Mwaka juzi nimelisema, na mwaka jana nimelisema."

"Wakasemaje?"

"Wameliandika kwenye kumbukumbu za kikao."

Walitazamana. Nesi aliona kwamba huyu naye amechoka kwa uchovu ule ule, ila wake una mshahara.

Fundi wa kuchomelea alikuja Alhamisi na mashine yake. Kazi ilikuwa kukata grili ya chumba cha mama mkwe na zile za vyumba vya mbele, kuzitia bawaba na komeo la ndani, ili zifunguke kama mlango bila ufunguo. Nesi alimwacha uani, akaingia chumbani. Mama mkwe alikuwa kitandani, bakora magotini, uso umeelekea ukutani.

"Mama, naomba upishe kidogo. Fundi anataka kufanya kazi dirishani."

"Fundi wa dirisha hili amekufa."

"Wanakata tu, Mama. Chumba kinabaki. Nimehakikisha, hakivunjwi."

"Leo mnakata dirisha, kesho mnatoa bati. Ulianza na milango yake ya mabasi, sasa umefika huku. Kila alichoshika mwanangu mnakiita kosa. Hata karatasi imebandikwa mlangoni kama kwa wenye ugonjwa."

Nesi alikuwa amemeza maneno tangu siku ya msiba, na kabla ya hapo miaka ishirini mingine. Siku ile hayakumezeka.

"Ni kosa, Mama," alisema. "Alikosea. Nilimwambia kuhusu ngazi, nilimwambia kuhusu kibali, nilimwambia hizi nondo zitatuua, akanicheka. Yeye amepumzika na mimi nimeachiwa kuzunguka madirisha ya watu nikiomba radhi kwa kazi ya mikono yake. Nilimpenda, na nimemkasirikia hadi usingizi hauji, na siwezi kumwambia mtu, kwa sababu wa kumwambia ni wewe."

Nje fundi alizima redio yake ndogo. Mama mkwe aliinuka kwa kujikokota, akaweka bakora pembeni, akaingiza mkono chini ya godoro mpaka kwenye bega. Alichotoa kilikuwa msumeno wa chuma, mdogo, mpini wake umefungwa kitambaa.

"Nimelala juu ya huu miaka tisa," alisema.

Nesi alimtazama bila kuelewa. Mama mkwe alivuta pazia, akamwonyesha nondo ya pembeni, ile inayokaribiana na ukuta. Karibu na chini ilikuwa na mkato, umeingia kiasi cha theluthi ya unene wake, umezibwa kwa sabuni ya mche ili usionekane.

"Tangu wiki aliyoziweka. Mkiwa kazini, nakata kidogo. Mkono ukichoka, naacha. Nikasema bandu bandu huisha gogo. Lakini chuma si gogo, na mkono huu si ule wa zamani."

"Mama, mbona hukusema?"

"Nimwambie nini? Alikuja anatoka jasho, anacheka, ananiambia, mama, sasa utalala salama. Mtoto akikujengea chumba kwa mikono yake, utamwambia umenijengea tundu la kufia?" Alikaa chini taratibu. "Unafikiri mimi sikuiona ngazi? Mtu yule nimemzaa mimi, nimembeba mgongoni mimi. Tangu mdogo akitengeneza kiti lazima kiyumbe."

Nesi aliketi kando yake. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge cha mama mkwe kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

"Kwa hiyo tulikuwa wawili," alisema.

"Tulikuwa wawili, kila mmoja na lake, tunamwachia ajenge." Mama mkwe alimpa msumeno. "Mwite huyo fundi. Mwambie aanzie hapo nilipofikia mimi, asinipotezee kazi yangu."

Fundi aliangalia mkato ule, akamwangalia bibi, akavua kofia.

Mkaguzi alipita wiki iliyofuata. Alifungua komeo kwa kidole kimoja, grili ikaenda nje bila kelele. Akaifunga, akaifungua tena. Kisha aliibandua karatasi nyekundu kwa ukucha, taratibu, isitoke na rangi ya mlango. Mama mkwe alilala kwake siku hiyo hiyo, dirisha wazi, na Nesi akapata kitanda chake chote.

Yaliyobaki hayakwenda kwa kasi hiyo. Mchora ramani aliichora nyumba kama ilivyo, akichoka njiani kuuliza kwa nini kuta mbili zinazotazamana hazilingani urefu. Ramani ilirudishwa kwa sababu haikuonyesha mshale wa kaskazini. Ikapelekwa na mshale, ikarudishwa kwa sababu nakala zilikuwa tatu, zinatakiwa nne. Kamati ya mipaka hukutana mara tatu kwa mwaka, na ilikuwa imekutana siku nne kabla. Mkono wa ngazi ulipandishwa vidole vinne, na hatua zote zikavunjwa zikajengwa upya na mwashi, mwashi wa kweli. Nesi alizoea njia ya ofisi za jiji mpaka mlinzi wa geti akawa anamuuliza habari za mkwewe. Dirisha la tatu karani alimpa kiti. Kazi haikwenda mbele kwa sababu ya kiti, lakini alikaa.

Leseni ilitoka mwezi wa kumi na moja tangu siku ya barua. Kati ya kina mama saba waliokuwa wameahidi, watano walikuwa wameshapata pengine pa kuwapeleka watoto wao, na mtoto wa mmoja wa hao watano alikuwa ameanza shule kabisa. Nesi alibeba karatasi ile ndani ya bahasha hadi nyumbani, akaiweka mezani mbele ya mama mkwe, akavua viatu.

Mama mkwe aliishika, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Hakuwa anajua kusoma, lakini muhuri aliujua.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Mbona hufurahi?"

Nesi aliegemeza kichwa ukutani. Wale kina mama wawili waliobaki walikuwa wamesema wataleta watoto Jumatatu, na kulikuwa na vyandarua vya kufua na sakafu ya kupigwa deki.

"Nitafurahi Jumatatu," alisema. "Leo nimechoka."

Mama mkwe aliirudisha leseni kwenye bahasha, akaenda jikoni kuweka maji ya chai.